Kuvuta

Miaka thelathini na mitatu nimepuliza.
Nimepuliza moto wa kuni mbichi hapa Chavakali,
macho yakichuruzika, uji ukikataa kuchemka.
Nimepuliza goti la Kadenyi lililochubuka,
kijiko cha Inzai,
vumbi la chaki juu ya rejista,
na filimbi, ah, ile filimbi ya shule
iliyowatoa watoto migombani hadi mstarini
kabla kengele haijamaliza neno lake.
Pumzi yangu yote ilikuwa ya kutoka.

Kisha mwezi ukaacha kunitembelea.
Mwaka mzima wa kutupa shuka usiku wa manane,
kusimama mlangoni kifua wazi,
baridi ikinipoza kama chungu kilichoepuliwa.
Kwenye chama, Berita akasema:
damu iliyozoea kushuka, ikizibiwa njia, itapanda.
Ndiyo hiyo presha.
Tukacheka. Nikaenda kupimwa.
Mia moja hamsini na nane juu ya tisini na sita.
Usiku huo mshipa ulinibishia hodi sikioni
mpaka kukakucha.

Ambetsa yuko hospitali ya Mbale, chumba cha mazoezi,
koti jeupe, kalamu tatu mfukoni.
Huyu nilimfundisha darasa la sita.
Huyu alikuwa akijificha chooni siku za mbio.
"Mwalimu, si kama asemavyo Berita.
Homoni iliyoilainisha mishipa imepungua,
mishipa nayo imekuwa migumu.
Vidonge utaendelea kumeza. Kutembea, utatembea.
Ila tujaribu na hiki."
Kidude cha plastiki, kijani,
ukubwa wa filimbi.

Nikakitia mdomoni, nikapuliza.
Akacheka mpaka akaegemea meza.
"Usipulize, Mwalimu. Vuta."

Nikavuta. Hakikuja kitu.
Ndani mna springi inayokatalia mlangoni,
hewa iko pale ng'ambo, unaisikia,
na wewe ni kama unafyonza ugali kwa mrija.
"Chini ya mbavu," akasema, "una msuli uitwao kiwambo."
Kiwambo nakijua. Ni ngozi iliyowambwa ngomani.
Isipopigwa hulegea,
isipoanikwa juani hutoa sauti ya gunia.
Kumbe nimezunguka nayo tumboni miaka yote,
nikiifunga leso juu ya mimba nne.

Sasa, saa kumi na mbili alfajiri,
nakaa kwenye jiwe nyuma ya jiko,
pua nimeibana kwa kibanio cha nguo.
Pumzi thelathini. Nahesabu kwa vidole.
Ya saba, mbavu zinatetema.
Ya kumi na tisa, Agufana anapita na ndoo ya maziwa,
anauliza kama nimekwama.
Ya ishirini na sita nataka kulia, sijui kwa nini,
labda kwa kuwa hakuna ninayemfanyia.
Hii haikoki moto. Haimpozi mtoto.
Inaingia tu, inakaa kwangu.

Jioni napanda kutoka mtoni hadi soko la Mudete.
Zamani nilisimama mara tatu njiani
kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.
Siku hizi nasimama mara moja,
na nikiulizwa nasema napumua.

Juzi: mia moja arobaini na moja, juu ya themanini na nane.
"Bado, Mwalimu," akasema Ambetsa,
akitumia sauti yangu mwenyewe,
ile ya kurudisha daftari.
Nikaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu:
Amejitahidi. Aongeze bidii.

Leo asubuhi moto umegoma.
Mjukuu kaja mbio: "Kuku, njoo upulize!"
Nikamnyoshea mfuniko wa sufuria apepee.
Nilikuwa kwenye ya ishirini na mbili.